Msalaba Wenye Pindo

Hakuna herufi iliyowahi kutoka mkononi mwa Fundi bila pindo, na mtaa mzima ulilijua hilo. Awe anaandika KINYOZI, awe anaandika DUKA LA DAWA, awe anaandika NI MARUFUKU KUKOJOA HAPA kwenye ukuta wa shule, akishamaliza rangi yenyewe alichukua brashi nyembamba, akabana pumzi, akazungusha mstari mweusi kandokando ya kila herufi, mwembamba kama uzi. Hilo ndilo pindo. Alisema herufi isiyo na pindo ni sawa na mtu aliyetoka nje na fulana ya ndani. Mteja mwenye haraka akimwambia aache madoido, rangi inatosha, Fundi alimjibu akatafute wapaka chokaa, wako tele.

Mkewe aliitwa Mama Rangi, na jina hilo hakulipewa bure. Fundi alikuwa na mkono, lakini jicho lilikuwa la mke. Yeye ndiye aliyechanganya rangi zote za kibanda kile, kwa kopo na kijiti, bila kipimo. Nyekundu yake aliipunguza makali kwa tone la kahawia isije ikapauka juani. Miaka kumi na saba walikuwa wamefanya kazi hivyo, huyu anachanganya, yule anapaka, na wakigombana ni juu ya nani kaacha brashi ikakauka.

Vita vilikuwa vimeisha miaka miwili nyuma. Nasema vimeisha kwa maana ya milio, maana kwa Mama Rangi havikuisha. Mdogo wake wa pekee, nesi, alipigwa risasi darajani ndani ya gari la wagonjwa, yeye na dereva na mama mjamzito waliyekuwa wakimkimbiza hospitali. Aliacha binti mmoja. Sasa binti huyo ana miaka tisa, analala chumba cha nyuma, anamwita Mama Rangi mama mkubwa na Fundi baba mkubwa, na akiulizwa shuleni mama yake yuko wapi hujibu upesi upesi ili maswali yaishe.

Basi iliposikika kwamba tume imekuja kupeleleza uhalifu wa kivita, na kwamba kila aliyefiwa ajiandikishe, Mama Rangi alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza. Fundi hakumkataza. Alisema tu kwamba tume zinakuja na kuondoka, halafu akakumbuka kuwa ana bango la mwenye bucha. Mke akaenda peke yake.

Tume ilikuwa imepanga madarasa ya shule wakati wa likizo. Getini mlinzi aliinusa mikono ya Mama Rangi, akamuuliza kwa sauti kama kabeba petroli. Akamweleza kwamba ni mafuta ya taa ya kuoshea brashi, ni kazi yake, haitoki. Mlinzi hakutaka kujua. Alimpeleka bombani akanawe, akamnusa, akamrudisha akanawe tena, na watu wote wa foleni wakimkodolea macho kana kwamba kakamatwa na kitu cha wizi. Alinawa mara tatu. Machozi yalimlenga, lakini alijikaza, akajiambia siku ya mdogo wake si siku ya kugombana na mlinzi.

Ndani walimkalisha kwenye dawati la watoto, magoti yamekaribia kidevu. Mpelelezi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kuuliza taratibu na kungoja jibu. Kando yake karani mwenye mvi aliandika. Mama Rangi alieleza yote: zamu ya mdogo wake, gari lenyewe, saa aliyoletewa habari, na jinsi alivyomtambua kwa soksi kwa sababu pengine pote hapakutazamika. Alieleza bila kulia. Alikuwa amefanya mazoezi ya kueleza bila kulia.

Kisha akauliza lile lililomleta. Aliyefanya vile ataitwa nani? Maana watu mtaani walikuwa wakimwambia vita ni vita.

"Mama, vita vina sheria," mpelelezi alisema. "Askari kumpiga risasi askari mwenzake vitani, hilo peke yake si kosa. Ni msiba, ila si kosa la kumpeleka mtu mahakamani. Uhalifu wa kivita ni kuvunja yale ambayo hata maadui wanatakiwa kuyaheshimu. Usimuue raia kwa makusudi. Usimtese mfungwa. Usilipige gari la wagonjwa. Na usijifiche nyuma ya alama ya wagonjwa ili uue."

"Basi aliyempiga mdogo wangu ni mhalifu."

"Kama alijua ni gari la wagonjwa, ndiyo. Tunaye. Ameshikwa."

Mama Rangi alihisi kitu kimelegea kifuani, kitu alichokuwa amekibana miaka miwili. Lakini mpelelezi hakuwa amemaliza. Alieleza kwamba mtu huyo anajitetea. Anasema siku tatu kabla, lori lenye msalaba mwekundu lilifika pale pale darajani, wakainua kizuizi lipite kama ilivyo ada, na chini ya turubai wakatoka watu na bunduki. Wenzake kumi na mmoja walikufa wamesimama, wengine wameshika vikombe. Tangu hapo, anasema, kila walipoona msalaba waliona mtego.

"Hilo halimsafishi," mpelelezi alisema. "Lakini kisa lazima tukithibitishe chote. Na lile lori nalo ni uhalifu wa kivita, kamili. Wa upande wenu."

Neno hilo la upande wenu lilimchoma Mama Rangi, maana hakujua kama ana upande. Alikuwa na mdogo wake tu.

Mpelelezi akaweka picha mbili juu ya dawati. Ya kwanza Mama Rangi aliijua, gari jeupe lililotobolewa kama chujio. Ya pili ilikuwa ya lori limepinduka kando ya daraja, mlango mmoja juu, na mlangoni msalaba mwekundu, safi, umenyooka, umezungushiwa mstari mweusi mwembamba kama uzi.

"Alama ya kweli haina mstari huu," mpelelezi alisema, akiugusa kwa ncha ya kalamu. "Ni nyekundu juu ya nyeupe, basi. Huyu aliyechora ni fundi wa mabango, tena mtu anayeipenda kazi yake. Tunamtafuta. Tunataka kujua nani alimtuma, na yeye alijua nini. Huu mkono unaufahamu?"

Mama Rangi aliangalia ile nyekundu. Jua la miaka miwili lingekuwa limeipausha nyekundu ya mtu mwingine yeyote, lakini picha ilikuwa ya siku ile ile, na hakuhitaji jua kumwambia. Tone la kahawia lilikuwamo. Alisema haufahamu. Mpelelezi alimtazama kidogo, akamwambia arudi kesho asubuhi kutia sahihi maelezo yake.

Njia ya kurudi nyumbani haikuwa ndefu, lakini siku hiyo aliiona kama kasomewa hukumu kila hatua. Kinyozi, pindo. Duka la dawa, pindo. Ukuta wa shule yenyewe ilikofikia tume, marufuku kukojoa, pindo. Ingetosha yule mpelelezi atoke nje kununua chumvi tu, na kila kitu kingekuwa wazi. Labda alikuwa ameshatoka. Labda alimwonyesha picha makusudi.

Fundi alikuwa kibandani ameinamia bango la bucha. Binti alikuwa ameketi kando yake akinakili herufi kwenye daftari, ulimi nje, kama anavyofanya baba yake mkubwa. Mama Rangi alimtuma kwa jirani akaazime ndoo. Binti akasema ndoo tunazo mbili. Akaambiwa akaazime ya tatu.

"Lile lori," Mama Rangi alisema binti alipopotea kwenye kona. "Ulijua ni la nini?"

Fundi hakuuliza lori gani. Hilo ndilo lililomkata maini mkewe kuliko jibu lolote. Alitua brashi chini bila kuiosha, yeye ambaye kwa brashi isiyooshwa angeweza kununa siku nzima.

Siku yenyewe Mama Rangi aliikumbuka vizuri, kwa sababu ilikuwa siku ya kwanza ya kazi baada ya wiki tatu za kuzingirwa. Nani anataka bango mji unapopigwa? Walikuja wanaume wawili na lori, asubuhi, jua limeshapanda. Walisalimia vizuri. Walisema zahanati inahitaji gari la pili, wanataka msalaba milangoni na juu ya turubai. Yeye mwenyewe alichanganya nyekundu, makopo mawili. Ujira ulikuwa nusu gunia la unga, na unga wakati ule ulikuwa dhahabu. Mmoja alimtania Fundi kuhusu pindo, akamuuliza haya madoido anampambia nani, na Fundi akajibu kazi yake haitoki uchi. Walicheka wote. Naye Mama Rangi alicheka.

Sasa Fundi alieleza kilichobaki, akiongea na bango la bucha badala ya mkewe. Alinyanyua turubai apate kulifuta vumbi. Ndani aliona masanduku, na nyuma ya masanduku mtutu umefunikwa blanketi. Alilishusha turubai, akaendelea kupaka. Alijiambia labda ni vya kujilinda njiani.

"Ulijiambia, au uliamini?"

"Tulikuwa hatujala siku mbili," alisema. "Wewe ndiye ulikuwa unachemsha maji ili jirani waone moshi."

Hiyo ilikuwa kweli. Aibu ya siku zile Mama Rangi alikuwa hajamwambia mtu, na kumbe mumewe aliiona na kuiweka. Kwa muda mfupi alimhurumia. Kisha alikumbuka jioni ya siku ile ile, mdogo wake alipopita kutoka zamu, akiwa na sare yake, akakaa hapo kwenye benchi akala ule unga. Alikula akaongeza. Akasema ninyi mna bahati, dada, shemeji ana kazi.

"Na alipokufa ulijua."

"Nilijua siku ile ile."

"Miaka miwili, mume wangu. Unalala ubavuni kwangu, unanisikia ninavyolia, unanipigapiga mgongo. Ukamwandikia na kibao cha kaburi. Ukakizungushia pindo."

"Nilitaka kikae vizuri," Fundi alisema, na hapo sauti ilimkatika.

Alilia kwa kujificha, uso umegeukia ukuta, mabega yakipanda na kushuka. Mama Rangi hakumgusa. Si kwamba alikusudia kumwadhibu, mikono ilikataa tu. Baadaye, alipotulia, Fundi alianza kuongea kama mtu aliyekuwa amelipanga jambo siku nyingi. Kama wanamtafuta, watampata, mabango yote ni yake. Lakini kwani vitani nani hakulazimishwa? Nusu ya mji ililazimishwa. Atasema walimwekea bunduki kichwani. Wale wawili walikufa darajani. Mwingine aliyekuwepo kibandani ni mke wake tu.

"Ukisema ndiyo, itakuwa ndiyo," alimwambia mkewe. "Nakuomba. Si kwa ajili yangu. Huyu mtoto keshapoteza mama, hana baba. Akipoteza na mimi, utamlea na nini? Kijiti cha kuchanganyia?"

Mama Rangi alisema jambo moja tu, kwamba kesho waende wote, na kwamba Fundi ajitaje mwenyewe, asingoje kutajwa. Fundi alikubali haraka, labda haraka mno. Binti akarudi na ndoo. Alitazama huyu, akatazama yule, akauliza kama kuna mtu kafa. Wakamwambia hapana. Akaketi akaendelea na herufi zake, na baada ya muda akamwomba baba mkubwa amshikie mkono kwenye ile ya S, inampiga chenga.

Asubuhi mlinzi hakumnusa Mama Rangi. Alimnusa Fundi, akamtuma bombani, na Fundi akaenda bila kunung'unika, akanawa kama mtoto anayeagizwa na mwalimu. Walipoingia alimwambia mpelelezi, wima, kofia mkononi, kwamba ule msalaba aliuchora yeye. Karani aliacha kuandika. Mpelelezi hakushangaa hata kidogo. Alimshukuru, akampa kiti cha kweli, si dawati, akamwambia ana haki ya kuwa na wakili. Fundi akasema hana haja, anataka yaishe. Wakampeleka darasa la pili na mpelelezi mwingine. Mama Rangi akabaki kwenye benchi la barazani.

Alikaa pale karibu saa mbili. Kupitia dirishani alimwona mumewe akieleza, na alipofika mahali fulani alimwona akiinua kidole na kukigusisha kisogoni mwake, kuonyesha mdomo wa bunduki ulipokuwa. Alikionyesha mara mbili. Mara ya pili alikigusa mahali tofauti kidogo na mara ya kwanza, na Mama Rangi, ambaye jicho lilikuwa lake, akaliona hilo.

Alipoitwa, karatasi yake ya jana ilikuwa imeshachapwa, mezani. Mpelelezi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mumeo anasema alilazimishwa kwa bunduki," alisema. "Mtu akishikiwa bunduki kichwani, sheria inalitazama hilo kwa jicho jingine kabisa. Huenda asishtakiwe. Lakini kama alifanya kwa hiari, na aliona kilichokuwa ndani, basi alisaidia uhalifu wa kivita akijua, na atajibu. Anasema nawe ulikuwepo."

Mpelelezi aliisogeza karatasi kando.

"Kabla sijakuuliza, lazima nikueleze jambo. Mke halazimishwi kusema neno la kumtia hatiani mumewe. Ni haki yako. Ukisema hapa unasimama kama mke wake, ninafunga faili, unakwenda nyumbani sasa hivi, na hakuna atakayekubughudhi. Lakini jana ulikuja kama ndugu wa marehemu, shahidi wa upande wa waliouawa. Sitaki kukuhadaa. Chagua mwenyewe."

Karani aligeuza karatasi. Juu kulikuwa na jina lake na umri wake, na chini yake pameandikwa Uhusiano, halafu nafasi fupi tupu. Aliuliza kwa upole aandike nini.

Mama Rangi aliuliza kama anaweza kuandika vyote viwili. Karani alimtazama mpelelezi. Mpelelezi alisema angeweza, ila akiwa mke kwa namna yoyote ile, ile haki ipo, na lazima aseme kwa kinywa chake kama anaitumia au anaiacha. Kwa hiyo ni yale yale. Nyumba nzima ya Mama Rangi ilikuwa imesimama kwenye nafasi ile isiyozidi kidole. Akinyamaza, mumewe atarudi leo na kuendelea na bango la bucha. Binti atashikiwa mkono kwenye herufi ya S. Na yule aliyempiga mdogo wake atasimama mahakamani aseme lori lilikuwa mtego, na akiulizwa nani aliutega, jibu litakuwa watu wawili waliokufa na fundi aliyeshikiwa bunduki. Litakuwa jambo ambalo hakuna aliyelifanya. Vita ni vita.

Akamfikiria mumewe mle darasa la pili, na kidole chake kisogoni. Alimpenda. Nalisema waziwazi, kwa sababu watu walikuja kusema baadaye kwamba mwanamke yule hakuwa na moyo, na si kweli, moyo alikuwa nao na ulikuwa unamuuma kuliko siku ya mazishi.

"Andika dada," alisema.

Karani akaandika. Mpelelezi akamtaka aseme kwa kinywa chake kwamba haki ya mke anaiacha. Akasema anaiacha. Akaulizwa kama siku ile aliona bunduki ikielekezwa kwa mumewe, au akasikia kitisho cha aina yoyote.

"Hapakuwa na bunduki," Mama Rangi alisema. "Waliniita mama. Nyekundu niliichanganya mimi, hilo nalo liandike. Kazi ilipokwisha waliomba maji, nikawapa, wakakaa na sisi kwenye benchi wakasubiri rangi ikauke."